Anayekimbia ni Kijana, Aliyetrendi ni Bibi

Nyumba yetu huku Ngaramtoni huamka saa kumi na moja alfajiri, na anayeiamsha si jogoo. Ni Bwana Kiki anayetafuta soksi. Humuuliza mama yake, halafu mdogo wake, halafu mimi, kisha hurudi kwa mama yake na swali lilelile. Soksi huwa ziko nje kwenye kamba, zimeloa umande, palepale alipozianika mwenyewe jana jioni. Msomaji mwenye kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayesubiri matokeo hahitaji maelezo zaidi.

Bwana Kiki ni mwanangu wa kwanza, ana miaka 19, na ni mkimbiaji hodari. Silisemi hili kwa upendo wa baba tu. Analisema pia mwalimu wake, mzee mmoja mkali ambaye kumsifu mtu humchukua msimu mzima. Mzee huyo amemwandikia programu kwenye daftari la shule: Jumanne spidi uwanjani, Alhamisi kupanda vilima upande wa Mlima Meru, Jumamosi mbio ndefu, siku nyingine mwendo wa taratibu. Chini ya ukurasa ameandika kwa wino mwekundu: "Marathoni baada ya miaka sita."

Siku alipousoma mstari huo kijana alikaa kwenye ngazi ya jikoni, chai ikapoa.

"Miaka sita, baba. Kuna mwenzangu tuliyemaliza naye ana wafuasi elfu themanini kwa kucheza mbele ya friji. Na friji yenyewe si ya kwao."

Mwenyekiti, yaani mke wangu, akamwambia anywe chai. Mwenyekiti hufunga mijadala mingi ya nyumba hii kwa chai, na sijawahi kuona mjadala uliofunguliwa tena baada ya hapo.

Chanzo cha yote ni simu, na simu ililetwa na shemeji yangu, Benki Kuu. Ndiye huyu ambaye mwaka juzi alituletea bata sita bila taarifa, akaondoka siku hiyohiyo, tukabaki na bata wanaolala chini ya gari la jirani. Safari hii alileta simu yenye kamera tatu, stendi yake, na taa ya duara ya kumulika uso. Tangu taa hiyo iingie, umeme wa LUKU niliozoea kuununua mwisho wa mwezi unaisha mwezi haujafika katikati, na bando la intaneti limepewa nafasi kwenye bajeti kati ya sukari na mafuta ya kupikia. Nilipinga. Kikao kikaendelea.

Mpiga picha ni mdogo wake, Fundi Mitambo, wa darasa la sita. Huyu hana ndoto ya kukimbia popote. Ndoto yake ni kutozima kamera, na utaona ilikotufikisha.

Lakini kwanza niwasimulie mbio za barabarani za mwaka jana hapa mjini. Programu ya mwalimu ilisema aanze taratibu, akae katikati ya kundi, asikilize pumzi zake. Kijana akampanga mdogo wake kwenye kona ya kwanza na simu. Bastola ilipolia alitoka kasi, akawapita wanaume wazima waliozoea mbio hizo, akaongoza kilomita mbili nzima. Picha ipo: yuko mbele peke yake, kundi zima nyuma yake, anatabasamu. Kufika kilomita ya tisa alikuwa anatembea, ameshika mbavu. Picha ile ikawekwa mtandaoni usiku huo na maoni yakamiminika: bingwa, chuma, mnyama. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeuliza alimaliza wa ngapi. Aliyeuliza ni mwalimu wake, na aliuliza hilo tu.

Siku ile aliyemjibu vizuri kuliko sisi wote alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Redio. Bibi alitoka Karatu kuja kutibiwa mguu, akasema atakaa mpaka mahindi yakomae. Sasa ni mavuno ya pili. Alikuwa haachani na redio yake ya betri, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko usitoke, na kwa kuwa Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, habari za riadha kwake ni habari za nyumbani. Hukueleza kana kwamba ni jana: tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi akashika uongozi wa mita 1,500 tangu mwanzo, akakimbia mbele ya wote hadi utepe, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani na bado hakumpata.

Bwana Kiki alidhani amepata wakili. "Si mmesikia? Bayi naye alitangulia mbele."

"Bayi alitangulia akabaki mbele," Bibi akamwambia. "Wewe ulitangulia ukapiga picha."

Sasa tuje kwenye Jumamosi ambayo kamera haikuzimwa. Mwenyekiti alikuwa ameanika maharage uani kwenye turubai. Beseni la nguo lilikuwa limejaa povu karibu na ukuta, na juu yake, kwenye msumari uliobeba ncha moja ya kamba ya nguo, ilining'inia redio ikisoma habari. Bibi alikaa kwenye kigoda, mguu mgonjwa ameunyoosha, mkononi ana mwiko kwa sababu alikuwa anasimamia ugali kutoka mbali. Vijana wakatangaza kwamba wanarekodi "Mazoezi ya Bingwa": Bwana Kiki ataruka ndoo, ataruka jiko la mkaa, ataruka turubai zima la maharage, kisha atatokea getini kwa kasi. Geti likaachwa wazi kwa ajili ya kutokea huko. Wakarudia na kurudia. Mara taa ya duara imehama, mara jogoo kapita. Mwenyekiti akawaambia hii iwe ya mwisho.

Na ikawa ya mwisho. Bwana Kiki alikuwa hewani juu ya maharage pale mbuzi wa jirani alipoingia kwa geti lile lile, amekuja moja kwa moja kwenye turubai. Kijana akamwona, akajikunja, akatua ukingoni. Maharage yakamtembea chini ya raba. Katika kutafuta pa kushika akaishika kamba ya nguo, na kamba ikaja na kila kilichokuwa juu yake: shuka, vitenge vya Mwenyekiti, sare za shule, na msumari. Redio ikatumbukia kwenye beseni. Nawaambieni iliendelea kusoma habari kidogo ndani ya povu, ikafika kwenye bei za mazao, ikanyamaza.

Bibi akasimama. Mguu ule tulioambiwa usibebeshwe uzito ulibeba uzito wote. Alimkimbiza mbuzi kuuzunguka ua, akatoka naye getini, akashuka naye barabara ya vumbi, mwiko juu, kanga kiunoni, akitaja jina la mwenye mbuzi na la baba yake mwenye mbuzi. Fundi Mitambo akamfuata nyuma na kamera mpaka kwenye duka la kona. Hakuizima hata pale mama yake alipomwita kwa majina yake yote matatu.

Usiku akaiweka video hiyo mtandaoni. Tulipoamka, walioitazama walikuwa wamevuka laki tatu. Bwana Kiki anaonekana humo kwa muda wa kuanguka tu. Mengine yote ni Bibi na mbuzi. Sokoni wakaanza kumwita Bibi Mbio. Konda wa daladala akakataa nauli yake. Alipokwenda kliniki, daktari akampa kiti, akatoa simu mfukoni, akauliza kwa adabu, "Bibi, mguu wenyewe ndio huu?"

Nyumba nzima ilicheka siku hizo, isipokuwa mmoja. Umeme ulikuwa umekatika usiku nilipomkuta kwenye ngazi ya jikoni.

"Baba, mimi nimekimbia miaka mitatu. Bibi kakimbia mara moja."

Sikucheka, na sidhani kama kuna mzazi angecheka. Kijana hakuwa na wivu kwa bibi yake. Alikuwa anafanya hesabu. Kwenye simu, namba inapanda kila akiifungua. Uwanjani, mwaka mzima wa kuamka gizani umempunguzia sekunde tatu katika mita 1,500, na sekunde tatu hizo zinajulikana na yeye, mwalimu, na daftari. Watu wazima husema vijana wa leo hawana subira. Mimi ninayeishi nao nakataa. Anayeamka saa kumi na moja katika baridi ya Meru anayo subira. Anachokosa ni mtu wa kumwambia amemwona.

Nikamweleza habari za Alphonce Simbu, ambazo alizijua vipande vipande. Mwaka 2016 Simbu alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akapata shaba ya dunia huko London, nchi ikamshangilia. Baada ya hapo ikafuata miaka mingi. Olimpiki iliyofanyika 2021 alimaliza wa saba, na Paris 2024 akarudi bila medali. Kwenye simu za watu mara nyingi hapakuwa na jipya la kumhusu. Yeye alikuwa anakimbia. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba mwaka huohuo, Tokyo, aliingia uwanjani na Mjerumani Amanal Petros, wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi waamuzi watazame picha. Simbu alishinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

"Miaka minane toka shaba," akasema.

"Minane."

Akanyamaza, kisha akauliza kama soksi zake nimeziona.

Kilichofuata hakikupita kwenye kikao chochote nilichoalikwa. Bibi Redio aliamua. Kwanza, simu italala chumbani kwa Mwenyekiti na kutoka Jumamosi tu, baada ya mbio ndefu. Pili, mwenye kutaka Bibi aonekane kwenye video atafuata programu ya mwalimu wiki nzima, na daftari litakaguliwa. Tatu, yeye Bibi atakaa getini kila alfajiri, blanketi mabegani, kuandika muda wa kutoka na wa kurudi. Fundi Mitambo akawekwa kwenye saa. Mimi nikakabidhiwa soksi na maji ya kunywa, nimfuate kijana kwa pikipiki Jumamosi. Benki Kuu alitumiwa ujumbe kuhusu redio. Akaleta mbili, na bata wengine wawili.

Siku ya kwanza Bwana Kiki aliporudi jasho likimtiririka, Bibi alimsomea muda wake kwa sauti kubwa mpaka jirani mwenye mbuzi akatoka nje. Kijana alijaribu kuficha tabasamu, akashindwa. Halikuwa lile la kwenye picha ya kona ya kwanza. Tangu wiki hiyo hajaruka zoezi, na video zao za Jumamosi zinatazamwa na watu wachache kuliko ile ya mbuzi. Haulizi tena ni wangapi kabla ya kunywa chai. Huuliza baadaye kidogo, na hilo silipigi vita.

Maharage tunayala bado, na mchanga wake.

Mzazi mwenzangu, nina ombi. Mashindano ya riadha ya mkoa yakitangazwa hapo ulipo, usingoje klipu. Nenda ukakae jukwaani, hata kama mwanao anakimbia raundi ya mchujo saa mbili asubuhi. Na akimaliza, muulize amemaliza wa ngapi, kwa muda gani.