Mwezi Umeandama, Rangi Haijakauka

Mdomo huponza kichwa, na wangu uliniponza kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilikuwa nimeshiba, nimekaa na wanaume wenzangu karibu na moto, nikasema kwa sauti kwamba pilau la kweli hupikwa na mwanamume. Ushahidi ulikuwa mbele yetu: wapishi wote wa shughuli ile walikuwa na ndevu. Sikujua kuwa mama watoto amesimama nyuma yangu na bakuli la kachumbari.

Hakusema neno. Alingoja miezi mitano. Ramadhani ya mwaka 2025 ilipoingia kumi la mwisho, jioni moja wakati wa futari, huku ananimiminia uji, akaniambia kwa upole uleule anaoutumia siku za ada ya shule: “Baba, Idi hii pilau ni lako. Halafu wifi anakuja, na shemeji.”

Wifi yake ndiye dada yangu mkubwa, anayekaa Tanga. Alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, na hajawahi kunishusha.

Dada akisema anakuja, nyumba yetu inageuka kuwa gofu papo hapo. Asubuhi ilikuwa nyumba nzuri tu. Jioni mapazia yamefifia, makochi yanatia aibu, na ukuta wa sebuleni haufai hata kwa banda la kuku. Nakubali, ukuta ulikuwa na historia yake. Kulikuwa na alama za vidole kwa urefu wa kila mtoto tuliyemlea, na mmoja aliandika kwa kalamu ya wino kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Mimi nilikwishazoea. Nimefika mahali hata dukani nahesabu hivyo.

Fundi rangi alikuja, akapima kwa macho, akachukua kianzio, akaniachia ngazi. Ngazi ninayo mpaka leo. Simu yake ilianza kwa kuita, ikafuata “nipo njiani bosi”, halafu ikawa haipatikani. Basi nikashika brashi mwenyewe, mtu mwenye funga, saa nane mchana. Mama watoto alitaka rangi ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa, ya kijani cha ndizi mbichi. Tapentaini iliisha nusu ya ukuta wa kwanza. Kijana wa dukani akanishauri nimalizie na mafuta ya taa, “kazi ni ileile mzee”. Kazi si ileile. Rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa haikauki, inatafakari.

Na ilikuwa masika. Dar es Salaam ya mwisho wa Machi hata taulo halikauki, seuze ukuta. Hapo ndipo nilipopiga hesabu zangu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi inarudi nyuma kidogo kidogo. Mwaka 2024 tulisali Aprili 10, safari hii Machi 31. Ikifika 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, jua la utosini, rangi inakauka kabla hujainua brashi. Nikamweleza mama watoto kuwa jambo la busara ni kungoja miaka mitano. Aliniangalia kwa muda, akasema nisisahau nyuma ya kabati.

Kabati lenyewe ni lile la vyombo vya wageni. Kila nyumba inalo. Limejaa glasi zenye ukingo wa dhahabu na sahani za maua ambazo mimi, baba wa nyumba, mlipa kodi ya pango, sijawahi kulia hata ndizi. Ni zito kama deni. Nikapaka rangi kulizunguka, nikanyamaza. Siku ya pili mama watoto akaamua likae upande wa dirishani. Tukalisukuma watu wanne. Nyuma yake tukapata ndara moja, rimoti ya televisheni tuliyoiuza zamani, na kabati jingine kamili la rangi ya zamani, limebaki ukutani kama kivuli. Tumetundika kalenda tatu hapo.

Jumapili Machi 30 nilikuwa kwenye mfungo wa 29. Jirani yangu, tunayetenganishwa na ukuta mmoja, anafuata mwezi wa kimataifa. Saudia walishasali Idi, naye akasali. Sina ugomvi naye. Mwezi ni wa Mungu. Lakini madirisha yangu yote yalikuwa wazi ili rangi ikauke, na kuanzia saa tano asubuhi likaanza kuingia pilau lake: binzari nyembamba kwanza, halafu vitunguu, halafu mdalasini na iliki. Kufunga madirisha, rangi inabaki mbichi. Kuyafungua, nabaki mbichi mimi. Saa saba wakatuletea sinia zima limefunikwa kawa. Mama watoto akashukuru, akaliingiza kwenye friji.

Usiku ule redio ikatangaza mwezi umeandama. Nilikuwa nimekataa kununua nyama mapema, kwa hofu kwamba tutatimiza 30 na umeme ukatike nyama ikiwa ndani. Mtaa mzima ulikuwa umefikiri kama mimi. Bucha lilikuwa na foleni kama ya mwendokasi saa za jioni, na zamu yangu ilipofika, steki ilikuwa imekwisha. Nikapewa “mchanganyiko”, yaani mifupa iliyopata kufahamiana na nyama.

Zaka ya fitri nilikwishatoa, kichwa kimoja pishi moja ya mchele. Baada ya swala, kanzu nikaivua, nikavaa bukta, nikakoka kuni uani. Mchele kilo tano wa Kyela, unanukia hata haujaguswa na moto. Niliuroweka tangu alfajiri. Vitunguu vya pilau vina dakika yao moja: kabla ya hapo pilau linatoka jeupe, baada ya hapo ni mkaa. Dakika hiyo ndiyo aliyoichagua bosi wangu kunipigia kunitakia Idi njema. Nikakwangua, nikatia thomu, viungo, mifupa yangu, viazi, nikapima supu kama nilivyoona wale wenye ndevu wanapima.

Nilichosahau ni kwamba mchele uliorowekwa kwa saa tano umekwishakunywa. Na Kyela ukiunywesha tena, unashikamana kama ndugu kwenye mirathi. Nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikaenda kuoga kwa matumaini.

Dada alipofunuliwa sinia alitazama kwa heshima. Akachota, akaonja, akatikisa kichwa taratibu.

“Mdogo wangu, bokoboko umelipatia kweli. Pilau liko wapi?”

Shemeji alicheka. Ni mtu mzito, akicheka anahitaji kitu cha kumshikilia, na kilichokuwa karibu ni ukuta. Alipoinuka, kanzu yake nyeupe, mpya, aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, ilikuwa na mgongo wa kijani cha ndizi mbichi. Ukuta nao ulibaki na alama ya mgongo wake, kubwa kuliko kalenda zetu zote tatu.

Mama watoto hakusema kitu. Aliingia ndani, akawasha jiko, akarudi na sinia la jirani likitoka moshi, punje mojamoja, rangi ya kahawia ya kupendeza. Dada alikula sahani mbili. “Hili sasa ndilo,” akasema. “Kalipika nani?”

“Mke wa jirani,” akajibu mama watoto, akiniangalia mimi kidevuni.

Kanzu ya shemeji bado iko kwangu, imelowekwa kwenye ndoo ya tapentaini, safari hii halisi. Yeye amerudi Tanga na shati langu. Idi ya kuchinja hufuata kabla miezi mitatu haijatimia, na mpishi amekwishabadilishwa. Karibuni sana, vyombo vya dhahabu vitatolewa. Ila nawaomba, mkifika sebuleni, msiegemee ukuta.