Kulanti ya Simba, Kulanti ya Yanga

Bosi wa lori ana imani yake: kulanti huchaguliwa kwa rangi. Mpenzi wa Simba atatia nyekundu, wa Yanga atatia kijani, na dereva asiye na timu atatia maji ya bomba. Rangi, jamani, ni rangi tu. Kila kiwanda kina yake. Cha kufuata ni kitabu cha gari, kile ambacho utingo amekikalia mpaka kikapoteza jalada.

Injini kuukuu ya dizeli yenye laina zinazogusa maji ina ugonjwa wake. Laina hutetemeka, viputo vidogo hupasukia ubavuni mwake, na chuma huliwa vishimo vishimo hadi maji yapenye ndani. Ndiyo maana hutakiwa kulanti ya injini nzito za dizeli, yenye dawa ya kuzuia hayo. Bosi atakwambia, "Huku maji hayagandi, kulanti ya nini?" Sawa, mzee. Na kutu nayo inasubiri theluji?

Kusafisha nako ni sherehe. Koki ya rejeta inafunguliwa, uji wa kahawia unamwagika, fundi anatangaza kazi imekwisha. Plagi ya bloku? Haijaguswa tangu gari lishuke bandarini, na tope limelala humo kwa raha zake. Kisha yanarudishwa maji ya kisima yenye chumvi, na themostati inang'olewa "ili injini ipumue".

Dumu la kulanti, bosi anasema, ni ghali. Gasketi ya hedi iliyoungua kwenye mlima Kitonga aliilipia bila hata kuomba punguzo.