Posa Kwenye Bruda

Hesabu za kuku zina tabia moja: zinajua kujumlisha na kuzidisha, kutoa hazijafundishwa. Vifaranga 100, nusu yao mitetea, kila mtetea mayai kadhaa kwa wiki, mayai yawe trei, trei zipigwe bei ya dukani, na kabla chai haijapoa mtu ameshanunua kiwanja. Nchi hii imejaa madaftari ya namna hiyo. La mume wangu lilikuwa na picha ya twiga kwenye jalada, na hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja kicheche, kideri, umeme kukatika, wala mama yangu.

Mama yangu, ambaye nyumbani kila mtu humwita Bibi pamoja na mimi aliyenizaa, amefuga tangu hajui kusoma. Alipoonyeshwa daftari aliliangalia kwa heshima, akauliza swali moja: "Banda liko wapi?"

Banda lilikuwepo. Kuta zilikuwepo, mlango ulikuwepo. Mabati nayo yalikuwepo, ila kwenye daftari.

Tunaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na masika ya huku hayaombi ruhusa. Kuanzia Machi hadi Mei mawingu huteremka mlimani asubuhi na kufanya kazi hadi jioni. Mtu mwingine angengoja jua. Mume wangu alisema vifaranga wa Aprili ni majogoo wa Agosti, na Agosti watu wameshavuna, wana fedha mkononi. Siwezi kusema hoja ilikuwa mbaya. Tatizo la hoja nzuri ni kwamba hazizuii mvua.

Vifaranga walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye boksi lenye matundu na vyumba vinne, kila chumba wapangaji 25. Kifaranga wa siku moja husafiri bila punje wala tone la maji kwa sababu anazaliwa na akiba yake: kiini cha yai huingia tumboni mwake kabla hajatoka ganda, kikamlisha siku mbili tatu. Kutoka stendi mume wangu aliwaleta kwa bodaboda. Mvua ilikuwa inanyesha. Koti la mvua alilivalisha boksi.

Basi wakaingia sebuleni. Meza ya kioo ikatolewa, zulia likakunjwa, karatasi ngumu ikazungushwa duara, chini maranda, juu balbu. Duara lina maana yake: vifaranga wakipata kona hujazana humo wakakandamizana hadi wengine wakafa, kwa hiyo bruda haina kona. Wiki ya kwanza wanataka digrii 32 hadi 35, kisha unapunguza kama digrii tatu kila wiki. Feni ikapigwa marufuku. Madirisha yakafungwa nusu. Watoto walikuwa wakitazama katuni wamevua mashati, jasho linawatiririka, huku nje watu wanapita wamejikunyata ndani ya masweta.

Kipimajoto hatukuwa nacho, wala hakihitajiki. Vifaranga wakirundikana chini ya balbu, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kutanua mabawa huku wanahema, wana joto. Wakitawanyika na kulia kwa sauti ya chini ya kuridhika, hapo ndipo mfugaji anaruhusiwa kwenda chooni. Mume wangu alilala kwenye kochi akiisikiliza sauti hiyo. Watoto wetu wenyewe waliamka usiku miaka yote asisikie. Kifaranga mmoja akibadili sauti, amesimama.

Bibi aliitazama bruda kwa huruma. "Koo la kuku halina swichi," alisema. "Na halikatiki wakati wa mvua."

Na mfano alikuwa nao. Muda mrefu kabla vifaranga hawajaja, bata wake alikuwa amechukuliwa na kicheche akaacha mayai, na Bibi alikuwa ameyaweka chini ya koo lake la kienyeji, jeusi, lenye hasira. Kuku anajua siku 21. Hiyo ndiyo kazi aliyokubali. Bata hawa wetu wenye uso wa vinundu vyekundu wanahitaji 35 hivi, na hakuna aliyemweleza kuku. Tarehe zake zikapita, akaendelea kukaa. Upanga wa kichwani ukafifia, kifua kikabaki mfupa, na kila asubuhi Bibi alimtoa kwa nguvu akale. Hatimaye mayai yakatotoa, na mvua ilipopumzika koo likawatoa wanawe nje kwa fahari, likiita, likichakura, likiwaonyesha mchwa.

Pembeni mwa banda lisilo paa kulikuwa na shimo la udongo wa kufyatulia matofali, limejaa maji. Vifaranga wa bata waliliona. Hawakuaga.

Sijawahi kusikia kelele ya namna ile kutoka kwa kiumbe wa kilo moja na nusu. Koo lilizunguka shimo, likaingia hadi magotini, likatoka, likaruka juu ya ukuta, likarudi. Majirani walikuja na fimbo wakidhani ni nyoka. Katikati ya maji watoto wale walikuwa wanapiga mbizi na kuibuka, wamestarehe. Koo lilirudia vituko hivyo kila siku, kisha likazoea, likawa linasimama ukingoni limenyamaza, kama mama aliyempeleka mtoto bweni.

Morogoro ni mji wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na nadhani elimu ile huvuja kupitia ukuta, kwa sababu hakuna mtu mtaani kwetu asiye mtaalamu. Jirani wa kulia aliagiza maji ya mwarobaini. Wa kushoto alisema shubiri. Fundi bomba, aliyekuja kwa ajili ya bomba, aliinama kwenye bruda na kusema maranda yakilowa koksidia haichelewi, tugeuze kila siku. Naye ndiye aliyekuwa sahihi. Chanjo ya kideri tuliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, maana ikipata joto inaharibika, tukadondosha tone moja moja machoni. Mtoto wa kwanza alikamata, wa pili alihesabu, kitinda mimba alirudisha waliochanjwa kwenye kundi la ambao bado.

Katika hali hiyo mbuzi wa Bibi akazaa watatu. Mbuzi ana chuchu mbili. Hapo ndipo hesabu ya kutoa ilipoingia nyumbani kwa mara ya kwanza. Bibi alihakikisha yule mdogo kabisa, jike mwenye kipaji cheupe, amepata dang'a saa zile za mwanzo, kisha akamleta jikoni na chupa ya mtoto. Ndani ya wiki, mnyama yule alikuwa ameamua kwamba yeye ni binadamu na kwamba makochi yameumbwa kwa ajili ya kurukwa.

Nimeyasema haya yote ili ieleweke nyumba ilikuwaje washenga walipokuja.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amepata mchumba, na wazee wa Bagamoyo walishatoa siku. Mume wangu aliomba iahirishwe: vifaranga wako wiki ya pili, wanataka digrii 29 au 30, korido ina baridi. Bibi alisema posa haiahirishwi kwa ajili ya kuku. Tukakubaliana vifaranga wabaki, tutundike vitenge mbele yao, tuchome udi. Udi na samadi vilikutana katikati ya sebule, hakuna kilichoshinda.

Walikuja jioni, wazee wanne, kanzu nyeupe, kofia, na kiongozi wao akiwa na bakora. Upande wetu alikaa mjomba, kwa maana sisi Waluguru ukoo wetu huenda upande wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli. Barua ya posa iliwekwa kwenye sinia, pamoja na fedha kidogo za desturi, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Kikohozi. Kimya. Nyuma ya vitenge, pio pio pio.

"Tulikuwa tunapita njia," alianza mshenga kwa sauti ya kikao, "tukaona mtetea mzuri ameingia boma hili. Nasi nyumbani tuna jogoo, anawika peke yake."

Kitinda mimba wetu, ambaye tangu mradi uanze ameshika maneno yote ya baba yake kwa wateja, alisogea mbele. "Shikamoo babu. Bado hawajafika. Mpaka mwezi wa nane. Ila unaweza kuweka oda, nusu unalipa sasa."

Mshenga ni mtu aliyekulia kwenye mafumbo. Alimwinamia mwenzake, nikamsikia: "Hawa wana haraka ya malipo."

Mjomba alifungua mdomo kuweka mambo sawa, na umeme ukakatika.

Giza halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sauti: ule mlio wa chini ukapanda ghafla, ukawa kilio kimoja kikali, na mume wangu akapita katikati ya wageni akiangusha bakora. Wakiachwa hivyo wangerundikana, walio chini wasipate hewa. Alitaka kuingiza jiko. Mkaa ulikuwa umelowa, na hata ungekuwa mkavu, Bibi hakubali mkaa uwake chumba kilichofungwa. Umewahi kuua watu wazima usingizini, sembuse kifaranga. Dawa yake ni madumu ya maji ya moto yaliyofungwa khanga. Lakini maji huchemka kwa wakati wake.

"Baba zangu," Bibi aliwaambia washenga, kwa adabu kabisa, "naomba mapaja yenu."

Mwili wa kuku una joto la digrii 41 hivi, wa binadamu 37. Kwa hiyo mshenga ni koo pungufu kidogo, lakini ni koo. Kwa mwanga wa simu tuligawa vifaranga: ndani ya kofia, kwenye mikunjo ya kanzu, kwapani. Mzee mmoja alipewa kumi na wawili na hakulalamika. Alisema tu kwamba mmoja amepanda shingoni. Wakanyamaza, kwanza vifaranga, halafu watu.

Na kikao kikaendelea, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuondoka. Nadhani mahari zote zingefaa kujadiliwa hivi. Mtu akipandisha sauti, vifaranga mapajani wanashtuka wanalia, inabidi arudie ombi lake kwa kunong'ona. Mjomba hakuweza kupiga meza. Mshenga hakuweza kunyoosha kidole. Walitajiana viwango taratibu: fedha ya wazazi, vitenge vya mashangazi, mbuzi wawili, mmoja wa wazazi na mmoja wa mjomba. Kila mmoja alikubali mapema kuliko alivyokusudia, maana kanzu zilikuwa zinalowa.

Bibi alirudi na madumu, umeme nao ukarudi papo hapo, kama desturi yake. Ndipo tulipoona sinia. Kitambaa kilikuwa chini. Fedha zilikuwepo zote, haikuguswa hata noti. Juu ya kochi, miguu minne kwenye mto wa kuegemea, mwenye kipaji cheupe alikuwa anamalizia kona ya mwisho ya barua ya posa.

Mwenzake mshenga alisema hilo ni jambo zito: posa isiyosomwa haijafika. Mjomba alifikiri, kifaranga mmoja bado yuko begani. "Mbuzi ni wa nyumba hii?" aliuliza.

"Ni wa nyumba hii," tukajibu.

"Basi kilichoingia tumboni mwake kimeingia nyumbani. Posa imepokelewa."

Mshenga alijipangusa kanzu, akaona haipanguki, akakaa vizuri kama mtu aliyepata pa kushika. Alisema upande wao hauna neno, wanaheshimu hukumu. Lakini kwa kuwa mbuzi wa nyumba hii amekula mali ya wageni, na wageni wamedaiwa mbuzi wawili, haki ni mmoja apunguzwe.

"Huyu hapunguzwi, baba yangu," alisema Bibi, akimtwaa kibuzi kifuani. "Huyu sasa ni shahidi."