Buibui Juu ya Simba

Nyumba yetu ina serikali ya mseto. Baba watoto ni Yanga, na Uyanga wake si wa mchezo. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kupumzika kidogo huku akitafuta kazi na mpaka sasa anapumzika, ni Simba. Mama mkwe wangu ni wa tamthilia za Kituruki. Saa yake ikifika hakuna wa kugusa rimoti. Watoto ni wa Spaida. Mimi na dada wa kazi hatuna chama. Sisi ndio tunaofagia mikutano yao ikiisha.

Homa ya Spaida ililetwa na huyo mdogo wangu, ndani ya flashi. Filamu yenyewe, Spider-Man: Into the Spider-Verse, ilikuwa imetoka Desemba 2018 na Februari iliyofuata ikabeba Oscar ya filamu bora ya katuni, lakini hayo sisi hatukuyajua. Tulichokiona ni kijana mweusi wa Brooklyn, Miles Morales, baba polisi, mama mwenye asili ya Puerto Rico, anatembea mjini kamba za viatu zikiburuzika. Kuanzia siku ile kifungua mimba wangu akaacha kufunga kamba za viatu vya shule. Ukimwambia atajikwaa, anakujibu kwamba Miles naye aliambiwa hivyohivyo.

Yule mtoto aliirudia filamu ile mpaka akawa mhadhiri. Ananyanyua rimoti, anasimamisha picha, anamwita bibi yake.

"Bibi, tazama hapa msituni. Unaona Miles anavyorukaruka vibaya?"

"Naona, mume wangu. Hiyo CD ina mikwaruzo."

"Si mikwaruzo! Miles wamemchorea picha 12 kwa sekunde, mwenzake Peter Parker wamemchorea 24. Ndiyo maana mwenzake anateleza, yeye anakwamakwama. Bado hajajua kazi. Akishajiamini naye anaanza kuteleza."

Bibi akafikiri. "Kwa hiyo wamemchora vibaya makusudi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mshahara wakachukua?"

Ikatangazwa kwamba sehemu inayofuata itatoka Aprili 2022. Ikasogezwa hadi Oktoba. Ikasogezwa tena, hadi tarehe 2 Juni 2023. Kila ilipohama, mwanangu aliingia jikoni na kalamu nyekundu akachora buibui kwenye kalenda, bila kujali kwamba kalenda ile ndiyo daftari la dada la maziwa. Ukazuka mzozo na muuza maziwa, aliyedai lita ambazo dada alisema hazikuletwa na ambazo ushahidi wake ulikuwa umelaliwa na buibui mwenye miguu minane. Tulilipa. Muuza maziwa alimwangalia mwanangu kwa upendo mkubwa.

Kisha ikaja wiki ya mwisho ya Mei, na jezi nyekundu ya mdogo wangu ikatoweka kwenye kamba ya nguo.

Huwezi kuelewa uzito wa kesi hiyo bila kujua hali ya hewa ya nyumba wakati ule. Yanga walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 28 Mei, Uwanja wa Mkapa, walifungwa na USM Alger mabao 2 kwa 1, na mdogo wangu aliitazama mechi yote akiwa ndani ya jezi ile, kwenye kochi la mbele, akitafuna karanga taratibu kama mtu aliyealikwa. Mechi ya marudiano ilikuwa Jumamosi ya tarehe 3 Juni huko Algiers. Jezi ilitakiwa. Bila jezi hakuna utani.

Mshukiwa wa kwanza akawa baba watoto.

"Shemeji, nirudishie nguo yangu."

"Mimi jezi yenu niifanyie nini? Hata nikipigia deki, naionea huruma sakafu."

"Uliichukua kwa uchungu wa mabao mawili."

"Uchungu? Ninyi mliotolewa robo fainali na Wydad kwa penalti ndio mnanifundisha uchungu?"

Ikabidi mama mkwe apige meza. Mshukiwa wa pili akawa upepo, wa tatu mbuzi wa jirani. Dada aliapa kwa marehemu babu yake kwamba aliianika kwa vibanio viwili. Watoto walikuwa wametulia mno, wanakula mboga za majani bila kulalamika, na mzazi yeyote anajua hiyo ni dalili ya nini. Lakini nilikuwa na ada ya muhula wa pili kichwani, nikawaacha na utulivu wao.

Jezi ilikuwa uvunguni mwa kitanda chao, inazaliwa upya. Vazi la Miles ni jeusi lenye michirizi myekundu. Katika filamu ya kwanza alilipulizia rangi mwenyewe. Mwanangu rangi ya kupuliza hakuwa nayo, ila kiwi ya viatu ya kopo alikuwa nayo. Alipaka jezi nzima, mbele na nyuma na mikono, akibakiza mistari myekundu hapa na pale kwa ustadi ambao sijawahi kuuona kwenye madaftari yake. Kifuani, penye nembo ya simba, akachora buibui mkubwa ameukumbatia uso wa yule mnyama. Kitinda mimba alikuwa Gwen, yule Spaida wa kike, mwenye kofia nyeupe ya kujifunika. Hiyo ilipatikana kwenye mtandio wa bibi yake. Utando nao wakaupata palepale kitandani: chandarua changu, mkasi, basi.

Jumamosi ikafika. Baba watoto alibaki nyumbani kuuandaa moyo kwa mechi ya usiku. Mama mkwe alisema hawezi kulipa hela kukaa gizani na watu asiowajua. Nikaenda mimi, watoto, na mdogo wangu, ambaye alijitolea kutusindikiza mara tu aliposikia kuna bisi. Kifungua mimba alivaa sweta, vifungo vyote mpaka shingoni. Dar ya mwezi wa sita haina joto la kuua, lakini sweta haiihitaji. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema ana baridi ya furaha.

Ukumbi ulijaa vijana. Wengine wana vinyago, wengine wamekuja na madaftari ya michoro yao wenyewe, na mmoja nyuma yetu alikuwa akiwahadithia wenzake habari ya kijana wa Kanada, wa miaka 14, aliyetengeneza upya tangazo la filamu hii kwa mtindo wa Lego nyumbani kwao. Wenye filamu wakamwona, wakampa kazi ya kutengeneza kipande cha Lego ndani ya filamu yenyewe. Nilimwona mwanangu anavyosikiliza. Nikaanza kuhesabu bei ya kompyuta.

Filamu ikaanza, Spider-Man: Across the Spider-Verse, na haikuanza na Miles bali na Gwen, katika dunia yake ambayo kuta zinabadilika rangi kufuata moyo wake. Anapozungumza na baba yake kwa hasira, rangi zinachuruzika ukutani. Wanapokumbatiana, chumba kizima kinageuka. Kitinda mimba alisimama juu ya kiti na mtandio wa bibi yake kichwani. Sikumkalisha.

Halafu akaja Miles, na hapo ndipo nilipogundua kwamba watu wananidanganya wanaposema hii ni filamu ya mashujaa. Ni kisa cha nyumbani. Baba anakaribia kupandishwa cheo kuwa kapteni wa polisi, kuna sherehe juu ya paa, mtoto ametumwa keki, mtoto anachelewa, keki zinafika zimebondeka, mtoto anafungiwa ndani. Kisha mama yake, Rio, anazungumza naye palepale juu ya paa, anamruhusu aende huku anamkabidhi yule mtoto mdogo aliyemo ndani yake akamtunze huko aendako. Nimesoma sifa nyingi za ile michoro, na zote ni za haki, lakini kwa maoni yangu filamu ingeweza kuishia pale kwenye paa na nisingedai chenji.

Nilikuwa bado natafuta leso niliposikia mdogo wangu anavuta pumzi kwa pua.

"Nani kapaka kiwi humu ndani?"

Wakati huo alikuwa ameingia Hobie, Spaida wa kipanki kutoka London. Mwili wake unaonekana kama umekatwakatwa kwenye magazeti na mabango, na kila kipande kinakwenda kwa mwendo wake, koti lake halifuatani na mwili wala gitaa. Sauti ni ya Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda, na vijana wa ukumbini walimpokea kama wanavyompokea mtu wa mtaani kwao. Makofi, miluzi. Mwanangu hakuweza kujizuia tena. Akafungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akasimama.

Mwanga wa skrini ukamwangukia kifuani. Mdogo wangu akatazama buibui. Akatazama tena. Chini ya miguu ya buibui akaona manyoya ya shingo ya simba.

"Jezi yangu!"

"Kaa chini, bro!" sauti za nyuma.

"Jezi yangu hii!"

"Tutakununulia nyingine, kaa!"

Akakaa, lakini alishika pindo la jezi kuanzia pale mpaka mwisho, mshukiwa asije akatoroka. Kwa mkono uleule akala bisi. Kwa mkono uleule akajifuta jasho.

Filamu ina dakika 140, na dakika za mwisho zilimbana kila mtu. Miles anakimbia kurudi kwao kumwokoa baba yake, anafika, anamwambia mama yake siri yake yote, kumbe ameingia dunia siyo. Dunia isiyo na Spaida, kwa sababu buibui aliyemng'ata yeye alitoka huko. Amefungwa kamba, na aliyesimama mbele yake ni yeye mwenyewe, Miles mwingine, mbaya. Gwen anakusanya wenzake wamfuate. Muziki unapanda. Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maneno kwamba itaendelea.

Ukumbi mzima ulitoa mlio. Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi, na mmoja akapaza sauti warudishiwe nusu ya hela. Na haki alikuwa nayo kidogo: kionjo cha filamu kilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 2021, jina la filamu lilisema wazi ni sehemu ya kwanza, na baadaye neno hilo likaondolewa. Lakini nimeona filamu mbaya nyingi zikikatwa na umeme katikati, na hakuna aliyelia. Mwanangu alilia. Hakutoka kwenye kiti mpaka majina yote yalipopita, na mhudumu mwenye ufagio alimsubiri kwa adabu.

Nyumbani tulimpa bibi muhtasari.

"Sasa mume wangu, unalia nini? Kesho si wataendelea?"

"Si kesho, bibi. Mwakani! Machi!"

Mwanamke yule ameshavumilia ndoa za Kituruki zilizokatizwa mlangoni mwa msikiti, watoto waliobadilishwa hospitalini, matajiri waliopoteza kumbukumbu siku ya kusaini mirathi. Lakini mwakani? Akavua miwani. "Hao hawana Mungu."

Usiku Yanga wakashinda 1 kwa 0 kulekule Algiers. Jumla ikawa 2 kwa 2, na kombe likabaki kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini. Baba watoto alisimama katikati ya sebule, hajui ashangilie au akae. Hiyo ndiyo saa ambayo mdogo wangu aliisubiri wiki nzima. Akainuka, akafungua mdomo, sote tukamgeukia. Shavu moja jeusi, paji la uso jeusi, vidole vitano vyeusi vimejichora kwenye kitambaa cheupe cha kochi alichokishona mama mkwe kwa mkono wake.

"Shemeji," baba watoto alisema polepole, "kwanza kanawe."

Tulipolala, mbu wakaingia kwa maandamano. Chandarua kilikuwa na tundu la duara, kubwa, lenye kingo zilizokatwa kwa uangalifu.

Juni nzima kulikuwa na ugomvi mwingine: wenzake mwanangu walioiona filamu kwingine walisikia maneno tofauti katika baadhi ya vipande, kila mmoja akamwita mwenzake mwongo, kabla ya kujulikana kwamba kweli matoleo yaliyosambazwa kwenye majumba ya sinema hayakuwa sawasawa. Watoto waliopigana wakapatana na kuanza kubadilishana tofauti walizoziona.

Julai waigizaji wa Marekani wakaungana na waandishi katika mgomo, na sehemu ya tatu ikaondolewa kwenye ratiba ya Machi. Mwanangu alitueleza mezani, kwa uchungu, maana ya mgomo: watu wameweka kazi chini mpaka walipwe vizuri, na hakuna filamu itakayotoka bila wao. Dada alikuwa anaosha vyombo. Akafunga bomba.

"Kwa hiyo wakigoma, kila kitu kinasimama?"

"Kila kitu, dada."

Kabla ya wiki kuisha tulikuwa tumekubaliana nyongeza ya mshahara na Jumapili zote kuwa zake. Mdogo wangu naye alijaribu kudai jezi kwa njia hiyohiyo, ila yeye hakuwa na kazi ya kuweka chini.

Jumapili mojawapo dada alikwenda kibanda umiza kuitazama filamu ileile, iliyotafsiriwa. Alirudi amefura.

"Mama, wametuibia! Jamaa kakata flashi pale utamu ulipofika!"

Mwanangu akamvutia kiti, akamweleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kupita huko. Mwaka 2025 ilipotangazwa kwamba mwisho wake utatoka 2027, dada ndiye wa kwanza kuuliza.

"Na ule mgomo uliisha lini?"

"Novemba 2023."

"Basi hao wanasingizia," akasema, akarudi jikoni.