Taabu ya Kulipia

Kuna watu Mungu kawajalia kupumzika, halafu kuna mke wangu. Kwake likizo ni kazi ya pili isiyo na mshahara, na kibarua wake ni mimi. Januari hii aliamua twende London kuangalia michezo ya kuigiza. Si kwamba tutembee mjini, tukichoka tuingie ukumbini. La! Michezo kwanza, kula, kulala na kuswali vitafutiwe nafasi itakayobaki. Akachora ratiba kwenye karatasi ya daftari la mtoto wetu Zuhura, akaibandika kwenye mlango wa friji. Kila nikifuata maziwa, nakumbushwa kwamba Jumamosi saa nane na nusu mchana natakiwa niwe nimekaa gizani.

"Kwa nini Januari?" nikamuuliza. "Hata Waingereza wenyewe mwezi huu hawaupendi."

"Sikukuu zikiisha watu hawana hela, Baba Zuhura. Ndipo tiketi zinapopunguzwa bei."

"Sisi tunazo?"

Kimya. Mke wangu ana kipaji cha kutosikia swali lenye hesabu.

Hizo tiketi zenyewe sasa. Kwetu Muheza bei ikipanda, yupo mtu wa kugombana naye. Utamwita jina, utamkumbusha kwamba mama yake anakufahamu, mwishowe mtaelewana. Huku bei inapandishwa na kompyuta. Unaona kiti cha paundi arobaini, unakwenda kutafuta pochi, unarudi kimekuwa hamsini na tano. Kiti ni kile kile, hakijaongezwa hata mto. Ukiuliza, unajibiwa kwamba bei hubadilika kulingana na mahitaji. Mahitaji ya nani? Mahitaji yangu mimi ni paundi arobaini.

Basi tukashuka kwenye viti vya wanyonge. Majumba mengi ya West End yalijengwa enzi za Malkia Victoria na mwanawe Edward, na baadhi bado yana nguzo zinazobeba roshani. Kiti cha nyuma ya nguzo huuzwa kwa bei ya kukuonea huruma, na wanakutangazia kabisa kwamba hutaona vizuri. Hicho ndicho mke wangu alichonikatia. Nilipolalamika akasema, "Wewe si huwa unasinzia?"

Kipo pia kibanda cha tiketi za punguzo, TKTS, pale Leicester Square, kwa wenye moyo wa kupiga foleni kwenye baridi. Mimi mkazi wa Leicester kabisa, nalipa kodi Leicester, halafu naambiwa nipande treni zaidi ya saa nzima nikasimame Leicester Square ambayo haina hata ujirani na mji wetu!

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliposikia kuna safari akajiunga bila kualikwa na kudai aonyeshwe The Lion King, unaochezwa Lyceum tangu mwaka 1999. Nikamwambia, shemeji, sisi tuliopita Mikumi na basi la Mbeya tumeona twiga na tembo kupitia dirishani, na siku ya bahati simba mwenyewe, na konda hakutudai hata senti ya ziada. Leo tutoe paundi kumwangalia mtu mzima aliyejivika sura ya simba kichwani? Akanijibu kwamba simba wa Mikumi haimbi. Dada mtu akacheka. Kwenye kikao cha watu watatu, nikashindwa kwa kura mbili.

Mke wangu yeye alikuwa na lake. Jirani na jumba la Shakespeare la Globe, kando ya mto Thames, kuna ukumbi mdogo wa ndani uliofunguliwa Januari 2014, unaitwa Sam Wanamaker Playhouse. Umejengwa kwa namna ya kumbi za karne ya kumi na saba, na wakati wa baridi michezo huchezwa kwa mwanga wa mishumaa ya nta ya nyuki. Watu hukaa kwenye mabenchi, na mengi hayana mgongo. Nilisoma maelezo hayo mara mbili. Shule yangu ya msingi ilikuwa na mabenchi yasiyo na mgongo, na jioni nilisoma kwa koroboi. Wazazi walikwenda kwa diwani kulalamika. Kumbe tulikuwa tunapata huduma ya watalii!

"Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima mabegani, na bado akamfasiri Shakespeare," mke wangu akanishambulia. "Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na mwaka 2012 Wakenya walikuja hapo Globe wakamcheza kwa Kiswahili. Wewe kukaa tu na kusikiliza kunakushinda?"

Nikamwambia Wakenya walikuwa jukwaani wanarukaruka, miili imepata joto. Na Mwalimu, kwa heshima zote, naamini alifasiri akiwa kwenye kiti chenye mgongo. Hoja hiyo ilisogeza mishumaa hadi mwakani. Haikuifuta.

Lakini tulipofika ukumbini Jumamosi, vita halisi ilikuwa ya koti. Hakuna anayekuonya kuhusu koti. Hiyo baridi inakulazimisha uvae koti zito, sweta, skafu, kofia na glavu, kisha uingie kwenye kiti kilichopimwa kwa magoti ya watu wa miaka mia na ushee iliyopita. Humo ndani kuna joto la kuotesha mchicha. Unavua. Sasa ulivyovivua uviweke wapi? Chini kuna maji ya viatu vya watu, mgongoni hapaenei. Nikalipakata koti langu mchezo mzima, na kwa kuwa lilikuwa limetuna kunizidi, lenyewe ndilo lililoona kilichokuwa upande wa pili wa nguzo.

Nilichokosa kuona ningekisikia, lakini Januari watu wote wana kifua. Mwigizaji akishusha sauti kueleza siri ya moyo wake, roshani ya juu inakohoa, ya chini inaitikia. Mwenye huruma anatoa peremende mfukoni, na kwa kuwa hataki kusumbua, anaifungua polepole, karatasi inalia dakika nzima. Peremende hufunguliwa mara moja, jamani! Shangazi zangu wanazifungua hivyo msibani na hakuna anayegeuka.

Mapumziko nayo hayafiki nusu saa. Foleni ya choo cha wanawake inatoka chooni, inapita kwenye baa, inashuka ngazi. Mke wangu na mdogo wake walipofikia mlango, kengele ya kurudi ukumbini ikalia. Wenye majumba haya walifikiria roshani, mapazia ya mahameli na malaika wa dhahabu darini. Kwamba wanawake nao wana kibofu, hilo halikuwapitia.

Tulipotoka usiku umeingia. Mapema Januari jua la London linazama kwenye saa kumi jioni, hivyo mchezo wa mchana unaingia kweupe na kutoka kwenye giza totoro, na Magharibi imekupita ukiwa umepakata koti. Ingawa kwa giza hilo ungekwenda wapi? Bustani zimelowa, mto unapuliza upepo wa kukata masikio, maduka yanataka hela na hayakupi hata pa kukaa. Ukumbini angalau umekaa.

Usiku ilikuwa zamu ya The Mousetrap, mchezo wa mauaji wa Agatha Christie. Umeanza London mwaka 1952, mwaka 1974 ukahamia St Martin's, na hadi leo unachezwa. Ni korona tu iliyowahi kuusimamisha, kuanzia Machi 2020 hadi Mei mwaka uliofuata. Mwisho wa mchezo watazamaji huombwa wasimtaje muuaji kwa watu wa nje. Nikatii.

Kaka yangu wa Muheza, ambaye kwa kawaida hunipigia bati la choo likitoboka, alisikia habari hiyo kwa shemeji na akanipigia saa hiyo hiyo.

"Mdogo wangu, nani kaua?"

"Kaka, tumeombwa tusiseme."

"Nani kawaomba? Mimi nimekubeba mgongoni kuvuka Mto Mkulumuzi!"

Nikashika msimamo. Akaja na kuku. Keshokutwa yake akaja na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Juzi ametaja mbuzi, tena bila kuulizwa. Nimemwomba radhi, nikamweleza kwamba alipokuwa akimtafuta huyo mbuzi bandani, siri imeshafika mbuzi wawili. Bei hubadilika kulingana na mahitaji.