Ukitaka Kanzidata ya Sayansi Imfae Mwalimu, Shika Panga

Ukikabidhiwa kanzidata ya zana za kufundishia sayansi, kamati itakujia na ombi moja: tuongeze, tuongeze, tufike elfu. Wakaribishe chai, lakini usiwasikilize. Kazi yako ya kwanza ni kufyeka.

Anza na viungo vilivyokufa. Kituo cha utafiti cha Pew kilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Zana za sayansi nazo hazijasalimika, maana nyingi huzaliwa na mradi, na fedha za mradi zikiisha hakuna wa kuilipia tovuti. Halafu kukaja pigo la Flash, programu ya kuendesha michoro ndani ya kivinjari. Adobe walipoacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020, majaribio chungu nzima ya kwenye skrini yalizimika. PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, walikaa chini wakaandika upya majaribio yao mengi kwa HTML5, na leo yanafunguka hata kwenye simu. Waliolala wamebaki na mraba wa kijivu katikati ya ukurasa. Kwa hiyo weka programu ipite kwenye viungo vyote kila mwezi. Kilichokufa kitafute Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za zamani. Ukikikosa, futa, wala usikionee huruma.

Sasa mfikirie anayekuja kutafuta. Ni mwalimu wa Darasa la Tano kule Mbarali, Tanzania, bando ni la mfukoni mwake, kipindi ni kesho asubuhi. Anaandika "kupatwa kwa jua". Anajibiwa kwamba hakuna kitu, na kumbe ndani zimo shughuli kadhaa za mada hiyohiyo! Aliyeziingiza aliweka maneno ya utafutaji ya Kiingereza peke yake, akaenda zake. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu Mbarali ndiko iliko Rujewa, ambako tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika kuutazama mwezi ukiliziba jua na kuacha pete ya mwanga pembeni. Wilaya iliyolishuhudia jambo hilo kwa macho haistahili kuambiwa hakuna kitu. Kila zana ipewe maneno ya Kiswahili, na ngazi iandikwe kwa madarasa ambayo mwalimu huyo anayafundisha, si kwa mfumo wa shule za Uingereza.

Kabla hajabonyeza kupakua, mwambie faili lina MB ngapi, shughuli inachukua dakika ngapi na inataka vifaa gani. Kwenye vifaa usifanye uvivu. Chukua kamera ya tundu: boksi, kipande cha karatasi ya alumini, pini na karatasi nyeupe. Vyote vinapatikana dukani. Lakini andika pia kwamba karatasi ikiwa mita 1 kutoka kwenye tundu, taswira ya jua itakuwa na upana wa milimita 9 tu, na ikiwa mita 2, kama milimita 18. Mwalimu asiyeambiwa hilo atasubiri jua kubwa kama sahani, aone kidoa, aseme jaribio limeharibika. Mwambie na habari ya mwembe: wakati wa kupatwa, mianya ya majani hufanya kazi ileile ya tundu, na chini ya mti hutapakaa hilali tele. Na onyo likae mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi nene: mtoto alipe jua mgongo na kutazama karatasi, asichungulie jua kupitia tundu hata mara moja.

Nani athibitishe haya? Iga astroEDU bila aibu. Jukwaa hilo la Muungano wa Kimataifa wa Astronomia huipitisha kila shughuli kwa mwalimu na kwa mwanasayansi. Mwanasayansi hukamata kosa la fizikia. Mwalimu hukamata shughuli isiyowezekana kwenye darasa la watoto themanini. Ukiwa na mmoja tu, nusu ya makosa yatapita.

Leseni nayo iwe wazi. Creative Commons yenye herufi ND haimruhusu mtu kusambaza tafsiri, na anayetaka kutafsiri ajue kabla hajakesha.

Mtihani wa kazi hii una tarehe. Jumatatu, 2 Agosti 2027, kivuli cha mwezi kitapita Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, na huku Kenya na Tanzania jua litamegwa kipande. Ifikapo siku hiyo, shughuli ya kamera ya tundu iwe kwa Kiswahili, faili lisizidi MB 2, na walau darasa moja liwe limeifanya uani na kukurudishia walipokwama.