Uhakiki wa Watumishi Hewa Ndani ya Simu Yangu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni Iliyotengeneza Simu Yangu
(jina limeandikwa mgongoni, ila kava limelifunika).

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WATUMISHI HEWA 41, NA MADAI YA MALIMBIKIZO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mbagala, na ni mwajiri. Hilo la uajiri nimeligundua mwezi uliopita. Miaka yote nilijiona mtu wa kipato cha chini, kumbe nina ofisi kubwa yenye watumishi arobaini na mmoja, wanakula umeme wangu na bando langu usiku na mchana, na sikumfanyia usaili hata mmoja. Nimeona si uungwana kuendelea kuishi nao bila kukushukuru wewe uliyeniajiria.

Nianze na siku yenyewe. Nilikuwa nimepanga foleni kwenye ofisi moja, sitaitaja, tangu saa mbili asubuhi. Zamu yangu ikafika saa tano na robo. Binti wa dirishani akaniomba namba ya malipo. Nikatoa simu, nikabonyeza, kikatokea kile kinembo chenu kinachozunguka kwa madaha, kisha kioo kikawa cheusi. Ndugu Mkurugenzi, simu ile ilitoka nyumbani na asilimia 80. Sikuwa nimepiga wala kupokea. Niliiweka mfukoni nikaitunza kama yai. Nikarudishwa mwisho wa foleni, nyuma ya bibi mmoja aliyeandika namba yake kiganjani kwa kalamu ya bluu. Bibi alinitazama, akakunja kiganja chake taratibu, kana kwamba nitaikopa.

Kwenye boksi mliandika mAh 5,000, na chini yake mkaahidi siku mbili bila kuchaji. Sikatai. Nadhani aliyepima alikuwa na simu na betri tu, hakuwa na familia ya kulisha.

Nikaenda kwa fundi, Rangi Tatu, na hela ya betri mpya mkononi. Fundi ni kijana mdogo, dole gumba lake lina makovu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Angeweza kunibadilishia betri, achukue hela, maisha yaendelee. Badala yake aliichomeka simu kwenye chaji, akaingia kwenye mipangilio, akafungua sehemu ya betri, akawa anasogeza kioo kwa kile kidole chenye makovu huku akisoma kimyakimya kama karani wa mahakama. Halafu akaniambia, "Mzee wangu, betri haina neno. Umejaza watu humu."

Akanionyesha mmoja mmoja. Kulikuwa na duka la programu ambalo silo lile ninalolijua. Kulikuwa na duka jingine la mandhari, la kubadilisha rangi za vitufe. Kulikuwa na kituo cha michezo. Mimi nina miaka hamsini na sita, na mchezo ninaoucheza ni bao. Kulikuwa na mtumishi wa hali ya hewa, anayeuliza nilipo mara kwa mara mchana kutwa, anajua hadi kona ya mtaa, na siku ile mvua imetukwamisha chini ya kibanda cha fundi alikuwa ameripoti jua.

Lakini aliyenivunja nguvu ni yule wa picha. Unamjua, maana ni mwanao. Kila ninapobonyeza kitufe cha pembeni, kioo kinaniletea picha mpya: milima yenye theluji, ziwa la kijani, kijumba cha mbao chenye taa moja. Nilikuwa nikizipenda. Nilifikiri zilikuja na simu, kama chaja. Nilishawahi kumwambia mke wangu kwamba hawa watu ni wakarimu, kila siku wanatuletea picha. Fundi akafungua ukurasa wa matumizi ya data. Theluji ile yote ilikuwa imepakuliwa kwa bando langu: MB 612 ndani ya mwezi mmoja. Nimekaa Mbagala, jasho linanitiririka, nagharimia theluji.

Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika hapa kwetu, nchi ilipiga kelele mpaka zikasitishwa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, tena kwa bando hilohilo. Wakati wote ule hatukuuliza bando likishanunuliwa linaliwa na nani. Tulikuwa tunagombea bei ya unga huku panya wako stoo.

Fundi alinifafanulia jinsi wanavyokula, na nitakueleza kwa jiko la mkaa kwa kuwa ndilo ninalolijua. Mtu akitaka kikombe kimoja cha chai, unawasha jiko, unapepea, chai inachemka, unaitoa. Mkaa hauzimiki kwa sababu umeitoa chai. Unaendelea kuwaka bure. Basi redio ya mtandao ndani ya simu ndivyo ilivyo: programu ikituma hata neno moja, redio inawashwa, na baada ya neno kwenda inabaki macho sekunde kadhaa ikisubiri huenda kuna la nyongeza. Sasa watumishi arobaini na mmoja, kila mmoja anapasha kikombe chake kwa saa yake. Huyu anauliza kama kuna tangazo jipya. Yule anaripoti kwamba hakuna cha kuripoti. Jiko halipoi. Na nikienda kijijini, Handeni, ambako mtandao unapatikana ukisimama kwenye kichuguu, simu inaongeza nguvu ili ipaze sauti kufikia mnara wa mbali, kwa hiyo kikombe kilekile kinateketeza gunia. Ndiyo maana kule simu huwa ya moto mfukoni kama mhogo wa kuchoma. Siku hizi nikifika naiweka hali ya ndegeni, naitoa jioni nikapande kichuguu.

Najua wanasheria wako watasema sheria ipo. Ni kweli, na ni nzuri. Google waliiweka kwenye Android 6 mwaka 2015: simu ikitulia, kioo kimezimwa, haipo kwenye chaji, programu zinaambiwa zisubiri, kisha linafunguliwa dirisha dogo, zote zinamaliza shida zao kwa pamoja, dirisha linafungwa. Yaani jiko moja, vikombe vyote. Mwaka 2018, kwenye Android 9, yakaja madaraja: programu unayoitumia kila siku inapewa nafasi, usiyoigusa inasogezwa nyuma. Hata barua zimewekewa utaratibu. Yupo tarishi mmoja anayezipokelea programu zote taarifa zake, ili kila moja isikae mlangoni kuchungulia.

Ila sheria hiyo ina orodha ya waliosamehewa. Kwenye simu yangu, Ndugu Mkurugenzi, waliosamehewa ni jamaa zako. Duka la mandhari halina vikwazo. Mpiga picha wa theluji hana vikwazo, na kitufe cha kumwekea vikwazo kimepakwa rangi ya kijivu, hakibonyezeki. Programu ya ujumbe ambayo ukoo mzima unaitumia kuitana kwenye misiba ndiyo imewekwa foleni. Mwaka 2016 serikali yetu ilipofanya uhakiki wa watumishi hewa, angalau wale walikuwa hewa kwelikweli: jina lipo, mtu hayupo, kazi haifanyiki. Wa kwako wapo na wanachapa kazi mpaka usiku wa manane. Kazi yenyewe ndiyo siijui.

Na hapa nimpongeze mtu mmoja katika kampuni yako, aliyetafsiri mipangilio kwa Kiswahili. Kazi hizi zote amezipa jina la "chini chini". Data ya chini chini. Matumizi ya chini chini. Waswahili tunajua mambo ya chini chini ni mambo gani. Mpandisheni cheo.

Nikiri makosa yangu pia. Kabla ya kumwona fundi nilipakua programu ya kusafisha simu, yenye picha ya ufagio na roketi. Ilinionyesha kwamba simu ina uchafu asilimia 87, ikafagia, ikaniletea tangazo la mkopo. Baada ya saa moja uchafu ulikuwa umerudi palepale, pamoja na tangazo. Huyo alikuwa mtumishi wa arobaini na mbili, na nilimwajiri kwa mkono wangu. Halafu nilikuwa na mazoea ya kufutilia mbali programu zote kwenye kioo kila baada ya dakika kumi, kwa kidole, kwa hasira. Fundi akanizuia. Programu unayoitumia kila mara, alisema, ukiifukuza inabidi ianze upya kutoka sifuri ukiihitaji, na kuanza kunakula zaidi kuliko kukaa kimya. Ni sawa na kumfukuza kibarua kila jioni kisha asubuhi unamlipia nauli ya kuja kuomba kazi.

Basi nikaanza kutumbua majipu. Nilizima zile programu zinazokubali kuzimwa, maana zako nyingi hazifutiki, zinazimwa tu na kubaki pale zimenuna. Nikawasha kiokoa data, nikaruhusu programu tatu tu zipite. Mtu wa hali ya hewa nikamwambia ataniona nilipo pale ninapomfungua mimi. Masasisho na hifadhi ya picha vyote visubiri Wi-Fi ya kazini. Kwenye magrupu nikazima upakuaji wa wenyewe, kwa hiyo maua ya "asubuhi njema" ya mjomba, ambayo huja na sauti ya kinanda, sasa yanakaa kwenye ukungu mpaka niyaite. Sijayaita bado. Mjomba ameniuliza mara mbili kama nimeyaona.

Wiki ya kwanza bando lililokuwa likifa Alhamisi lilifika Jumapili. Simu ikaingia magharibi na asilimia 44, nikawa nawaonyesha watu kwenye daladala. Wiki ya pili nikalewa madaraka. Nikaibana hata ile programu ya ujumbe, nikitafuta asilimia 60. Jumamosi nikavaa kanzu, nikaenda kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, Temeke, nikakuta geti limefungwa. Kikao kilihamishiwa Kigamboni tangu Ijumaa usiku. Ujumbe uliingia nilipoifungua programu mwenyewe, nikiwa nimesimama pale getini, ukifuatana na nyingine kumi na saba, wa mwisho ukisema nimepangiwa kuchangia viti. Asiyehudhuria hupangiwa. Kwa hiyo sisemi kazi za nyuma ya pazia zote ni wizi. Yupo anayekaa macho ili nikiitwa niamke, na huyo nimemrudisha kazini nikamwomba radhi.

Ninachodai ni kuambiwa. Wenzenu wa Apple, Desemba 2017, walikiri kwamba walikuwa wakizipunguzia kasi iPhone zenye betri zilizochoka. Walikuwa na sababu: zisizime ghafla. Waliomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri, na hata hivyo mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25, kwa kosa la kutowaambia wateja. Mimi sina ubavu wa Ufaransa. Nina fundi wa Rangi Tatu, naye hakunitoza chochote siku ile, jambo ambalo naomba ulitafakari wewe mwenye jengo la ghorofa.

Maombi yangu ni madogo. Siku simu inapowashwa mara ya kwanza, pale mnaponiuliza lugha na kunitaka nikubali kurasa ambazo hazisomwi na yeyote, niwekeeni ukurasa mmoja wa ziada wenye majina ya watumishi wote, kila mmoja anafanya nini, anakula kiasi gani kwa siku, na pembeni kitufe cha kumwambia asante, nenda nyumbani. Kisipakwe rangi ya kijivu.

Kuhusu malimbikizo: umeme ukikatika huku, kuchaji kibandani ni shilingi mia tano, na nimechaji sana. Sitadai senti. Betri yenyewe huchakaa kwa kila mzunguko wa chaji, na hiyo mizunguko ya mwaka mzima ya kulisha duka la mandhari sioni utanirudishia vipi. Nadai MB 612 tu, za mwezi ule mmoja. Kwa upande wangu narejesha picha 214 za theluji. Zipo katika hali nzuri, hazijayeyuka.

Nasubiri majibu yako. Sikuandika anwani yangu juu ya barua hii, kwani mtu wako wa hali ya hewa anayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwajiri,
Mbagala.

Nakala: Fundi, Rangi Tatu (nimempelekea kwa mkono).